Friwili Iliyong'ang'ania

Mlima ule ulikuwa na kona moja ambayo Bi Mita aliichukia kuliko mbwa wote wa mtaa. Barabara ilipinda kushoto, ikapita mbele ya geti la kijani, halafu ikainuka ghafla kana kwamba imetukanwa. Hapo mpanda baiskeli hana ujanja: anasimama juu ya pedeli na kukandamiza kwa uzito wake wote. Na hapo hapo ndipo cheni ilipokuwa ikiruka. Ilitoa mlio mmoja mkavu, mguu ukapotelea hewani, goti likagonga chuma cha usukani, na mwanamke mzima mwenye heshima zake akabaki ananing'inia juu ya baiskeli huku akitaja mambo ambayo mama yake hakumfundisha. Kisha alishuka, akakokota.

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani aliitwa Bi Mita kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Alifunua kifuniko cha chuma, akafukuza buibui, akafuta kioo kwa kitambaa, akasoma namba, akasikiliza malalamiko. Malalamiko hayakuwa na jipya. "Mita yenu hii inakimbia hata tukiwa tumelala," watu walimwambia. "Basi msilale," aliwajibu, akafunika, akaenda zake.

Kwa miaka mingi alikuwa kibarua wa kule bondeni, kwenye nyumba zilizobanana na barabara tambarare. Kibarua wa ofisi ya maji ni mtu anayeitwa asubuhi na kusahauliwa jioni. Akiugua, ugonjwa ni wake. Kisha ikatokea nafasi ya kudumu, kusoma mita za kanda ya mlimani, na Bi Mita akapewa aijaribu kwa miezi mitatu. Masharti yalikuwa mawili: uwe na baiskeli yako, na kila siku urudishe namba zako kabla ofisi haijafungwa. Akishindwa, angeitwa anayefuata. Anayefuata alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa akifagia na kupiga deki pale pale ofisini. Bi Mita mwenyewe ndiye aliyempeleka siku ya kwanza, akamwombea kazi kwa maneno matamu na kumwonyesha mahali ndoo zinapokaa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa imekula chumvi nyingi. Ilikuwa ya gia, ile ya matairi mapana ya kupandia milima, na rangi yake ya asili hakuna aliyeikumbuka. Bi Mita aliiita Punda, maana ilibeba kila kitu na haikuomba chochote ila upepo. Na kabla ya miezi ile mitatu kuanza, Punda alipanda milima vizuri tu. Hilo tulishike sisi, maana mwenyewe hakulishika.

Fundi wa Punda alikuwa mmoja tu duniani, naye ni kaka yake. Baba yao alipoondoka na kusahau njia ya kurudi, kaka ndiye aliyeacha shule akaenda kushika spana ili mdogo wake asome. Dada alipopata mshahara wake wa kwanza hakununua viatu. Alinunua jiriwa, lile dude zito la chuma la kubania vitu mezani, akampelekea kaka yake uani. Likafungwa kwenye meza ya kazi, na bado lilikuwapo hapo.

Kaka alikuwa fundi hasa. Alikuwa na sheria moja, na aliihubiri kwa kila mteja, awe ameuliza au hakuuliza: nati haifungwi kavu. "Ukifunga kavu," alisema, "atakayekuja kufungua atakutukana hata ukiwa kaburini." Alipaka grisi kila penye nyuzi. Alipaka nati za magurudumu, akapaka skrubu za kengele, akapaka hata bawaba za mlango wa choo cha mama yake. Wateja walimcheka, lakini baiskeli zao zilifunguka.

Wiki moja kabla ya majaribio kuanza, alimwambia dada yake, "Niachie hiyo Punda Jumamosi hii. Nikuandalie, usiende mlimani kutia aibu." Bi Mita alimwachia. Jumatatu cheni ikaanza kuruka.

Alimrudishia siku ile ile. Kaka aliigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha pedeli, akainamia lile furushi la gia za nyuma ambalo wao mafundi huliita friwili, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Meno yamekwisha, mdogo wangu. Cheni haina pa kushika."

"Si ubadilishe?"

"Ningebadilisha. Lakini imeng'ang'ania. Kutu ya miaka. Jumamosi niliijaribu mpaka bega likauma, haiondoki. Nikilazimisha, kitovu cha gurudumu kinapasuka, na gurudumu la aina hii siku hizi hulipati kokote."

"Sasa nifanyeje?"

"Panda taratibu. Mlima ukiwa mkali, shuka ukokote. Nani anakukimbiza?"

Wazee wana msemo: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Bi Mita aliuamini msemo huo kuliko alivyoamini mita. Baiskeli imezeeka, kaka amesema, yamekwisha. Basi akawa anakokota. Aliondoka nyumbani mapema zaidi, akarudi ofisini jasho likimtiririka, na mara nyingi akakuta mlinzi anafunga mlango.

Jioni alirudi kwake, alikoishi na mama yake, akiwa anachechemea. Mama alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa, akamkanda goti lililovimba. Mikono yake ilikuwa laini na haikuwa na haraka. "Leo imeruka tena?" aliuliza kila mara. "Imeruka," Bi Mita alijibu. Mama aliguna, akakamua kitambaa, akaendelea kukanda.

Na kana kwamba hakuchoka vya kutosha, siku za mapumziko alimfundisha wifi yake kuendesha baiskeli. Kaka alikuwa ameokoteza fremu na magurudumu, akaunga baiskeli, akasema ni ya kumsaidia mkewe kupeleka watoto shule. Bi Mita alishika kiti kwa nyuma, akakimbia, akaachia, akashangilia. Wifi alianguka mara kadhaa, akainuka anacheka. Mwishoni alijua hata kubadilisha gia mlimani, maana mwalimu wake hakumficha kitu. Siku moja wifi alimshika mkono akamwambia, "Asante sana wifi kwa moyo wako." Bi Mita akamjibu asijali, kuanguka ndiko kujifunza.

Ijumaa moja Msimamizi alimwita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa saa tu. "Wiki ijayo ndiyo ya mwisho," alimwambia. "Ukichelewa hata siku moja, nampa anayefuata. Sitaki kukufanyia hivyo, lakini namba zikichelewa, mimi ndiye nasemwa." Bi Mita aliitikia, akashukuru, akatoka. Aliporudi bondeni hakupanda baiskeli ingawa barabara ilikuwa tambarare. Alikuwa anawaza.

Aliwaza hivi: friwili ikibaki, kazi nimekosa. Nikiilazimisha na gurudumu likapasuka, kazi nimekosa vilevile. Basi bora nikose huku nimejaribu. Kaka ana huruma na gurudumu, ndiyo maana anaogopa kulivunja. Mimi sina tena nafasi ya huruma.

Jumamosi kaka yake alikuwa amekwenda mji wa jirani kufuata matairi, na wifi alikuwa ametoka na watoto. Bi Mita aliingia uani kwao kama alivyoingia siku zote, akatoa gurudumu la nyuma, akamimina mafuta ya taa pale katikati, akayaacha yanywee. Hakuwa fundi, lakini alikulia kwenye harufu hiyo. Alijua kifaa kinachotakiwa, kile kichwa cha chuma chenye meno mawili yanayoingia kwenye matundu mawili ya friwili. Alikibana kwenye jiriwa, meno juu. Akalaza gurudumu juu yake mpaka likakaa sawasawa. Kisha akashika tairi pande mbili kama dereva wa lori anayekata kona, akatanua miguu, akavuta pumzi, akasema bismillahi, akazungusha kwa nguvu zake zote na hasira ya miezi yote ile.

Alikaribia kuanguka. Friwili ilifunguka kwa ulaini, kama kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka. Kilichobaki alikizungusha kwa vidole viwili.

Mwanzoni alifurahi. Alicheka peke yake pale uani, akasema, "Kumbe," akainua gurudumu apate kuona kama kitovu ni kizima. Kilikuwa kizima. Na kwenye nyuzi zake palikuwa na grisi. Si grisi ya zamani, ile inayogeuka nyeusi na kukauka kama gundi. Ilikuwa ya rangi ya asali, mbichi, imepakwa kuzunguka kwa kipimo, hakuna palipozidi wala palipopungua. Kutu haikuwapo hata ya dawa.

Bi Mita alipitisha kidole. Kicheko kilikuwa kimeshamtoka.

Mtu mwovu wa kawaida angefunga kavu akaenda zake, na hapo kutu ingemfichia siri. Lakini fundi wa kweli, hata akiwa anatenda uovu, mkono wake hukataa kufanya kazi mbovu. Kaka yake aliweza kumtazama dada yake machoni na kumwambia imeng'ang'ania. Kufunga bila grisi ndiko kulikomshinda.

Aliichukua ile friwili akaifuta kwa kitambaa chake cha kufutia mita. Tangu cheni ianze kuruka hakuwahi kuitazama kwa karibu. Macho ya kutazamia alikuwa amemwachia kaka. Meno yalikuwa yamelika na kupinda upande mmoja kama kucha za mzee. Haikuwa yake. Friwili ya Punda ilikuwa na jino moja lililomeguka kwenye gia kubwa, alilimegua mwenyewe siku aliposhuka ngazi za ofisi juu ya baiskeli kwa kiburi. Hii ilikuwa na meno yote, mabovu lakini yote.

Baiskeli ya wifi ilikuwa imeegemea ukutani, hatua chache kutoka mezani. Bi Mita aliisogelea taratibu, kama mtu anayemwendea mgonjwa asiyetaka kumwamsha. Aliinua nyuma, akazungusha pedeli. Jino lililomeguka likapita. Likazunguka, likapita tena.

Alikaa chini. Hasira haikuja kwanza. Kwanza ilikuja aibu. Aliona aibu kwa kila asubuhi aliyokokota baiskeli mlimani akiwaeleza watu wa mageti kwamba kaka yake ni fundi bingwa, ni vile tu friwili imeng'ang'ania. Aliona aibu kwa jinsi alivyokimbia nyuma ya baiskeli ile akiishikilia kiti, akashangilia gia zake mwenyewe zikiondoka na mtu mwingine. Alijiona mjinga, na ujinga wa kufanywa na mtu wako unauma kuliko wa kuzaliwa nao.

Kaka yake aliingia mchana, matairi yakiwa yamemning'inia mabegani. "Lo, mdogo wangu, umeanza lini ufundi?" alisema akicheka. Kisha akaona gurudumu lililo uchi juu ya meza, na friwili pembeni yake. Alishusha matairi moja moja.

"Imetoka," alisema Bi Mita.

"Naona."

"Uliniambia imeng'ang'ania."

Kaka alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Nilikuwa na nia ya kukueleza."

"Lini? Wifi akishapewa kazi?"

Kaka alivuta kreti ya soda, akaketi, akawa mdogo ghafla mbele ya meza yake. "Sikia," alisema. "Kazi hii imekufa. Siku hizi kila mtu na pikipiki, na pikipiki mimi siijui. Mke wangu kaniambia wazi, mambo yakibaki hivi anachukua watoto anarudi kwao. Mimi nitafanya nini? Wewe angalau huna..." Akakatiza.

"Sina nini?"

"Huna mtu wa kukuacha."

Bi Mita aliyameza maneno hayo, yakashuka polepole. "Kwa nini hukuniomba?"

"Ungekubali?"

Alitaka kusema hapana. Ingekuwa rahisi zaidi. Lakini alijipekua, na akakuta jibu ni lile lile alilolijua: angelia kidogo, angekasirika, halafu angemwendea Msimamizi na kumwambia mpe wifi, ana watoto. Angerudi bondeni kwenye mita zake. Kitu kile kile kilichoibwa kingetolewa kwa mkono wake mwenyewe, na goti lake lingekuwa zima.

"Ningekubali," alisema. "Unajua kabisa ningekubali."

"Najua."

"Basi?"

"Kukuomba ni lazima nikutazame usoni."

"Umenitazama usoni miezi hii yote. Umenipa pole. Umeniambia nikokote."

Kaka alipangusa mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Nilijua utasamehe," alisema. "Wewe tangu utotoni unasamehe."

Na hapo ndipo hasira ilipofika. Bi Mita hakupaza sauti. "Kwa hiyo ulitupanga sote ukatupima," alisema. "Ukatafuta nani anaweza kuumizwa asipige kelele, ukaniona mimi. Fadhila za punda ni mashuzi, Kaka, hilo nimelisikia tangu utoto. Sikujua nitakuja kuisikia harufu yake hapa."

Wifi aliingia na watoto wakati huo huo. Watoto wakamkimbilia shangazi yao, wakaona uso wake, wakasimama njiani. Wifi aliwatuma ndani wakanawe miguu. "Kuna nini?" aliuliza.

"Hizi gia za baiskeli yako," Bi Mita alisema, "nani alikupa?"

Wifi alishangaa. "Si wewe? Baba watoto aliniambia umepata mpya, hizi za zamani ukasema nipewe mimi. Mbona nilikushukuru?"

Bi Mita alikumbuka mkono wa wifi juu ya mkono wake, na yale maneno ya moyo. Wifi naye alikuwa anamtazama mumewe, kisha friwili, kisha mumewe. Hakuwa mjinga. Aliingia ndani, na mlango ukajifunga nyuma yake kimya, maana bawaba zake nazo zilipakwa grisi.

Bi Mita alifanya kazi yake. Alifungua gurudumu la wifi, akatoa friwili yake, akaipeleka kwenye gurudumu lake. Kaka alinyanyuka kumsaidia. "Kaa," alimwambia, naye akakaa. Kabla ya kufunga, mkono wake ulienda wenyewe kwenye kopo la grisi, ukachota, ukapaka nyuzi kuzunguka, maana ndivyo alivyofundishwa. Kwa mara ya kwanza maishani alichukia kufundishwa vizuri. Ile mbovu aliiacha juu ya meza ya kazi.

Alipokuwa anatoka na Punda, kaka yake alisema kwa nyuma, "Usimwendee Mama kwa ukali. Naye hakutaka iwe hivi."

Bi Mita alisimama. "Hakutaka iwe vipi?"

Neno likishatoka halina mkia wa kulivutia.

Mama alikuwa sebuleni akikunja nguo alizozianua. Aliiona mikono ya binti yake yenye grisi, akateremsha macho kwenye shuka aliyokuwa nayo mapajani.

"Friwili imetoka, Mama."

Mama hakuwahi kupanda baiskeli hata siku moja. Mtu mwingine angeuliza friwili ni mdudu gani. Yeye aliuliza, "Kaka yako amekwambia mwenyewe, au umeona?"

Bi Mita alishika fremu ya mlango. "Kwa hiyo ulijua."

"Alikuja kuniuliza. Alikaa hapo kwenye kiti chako akalia. Mwanamume mzima, mwanangu, analia mpaka kamasi. Nikamwambia afanye anavyoona."

"Na mimi?"

"Wewe una kichwa na una mikono. Ungepata kingine. Yeye akiachwa na mke wake hainuki tena. Namjua."

"Na mimi hunijui?"

"Nakujua. Ndiyo maana." Mama alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usinihukumu."

"Goti langu lilivimba mbele ya macho yako," alisema Bi Mita. "Kila jioni unaniuliza kama imeruka. Na unajua kwa nini inaruka."

"Nilikukanda," alisema Mama kwa sauti ndogo, kama mshtakiwa anayetoa ushahidi wake wa pekee. "Si nilikukanda?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na walisema kweli. Ila hawakusema mtu afanyeje ikiwa nguo ndiyo hiyo hiyo moja. Bi Mita alienda kunawa mikono. Kisha aliinjika chakula cha jioni, maana Mama hawezi kulala na njaa, wakala pamoja. Maji ya chumvi hayakuchemshwa.

Wiki ile alipanda mlima kila asubuhi. Kwenye kona ya geti la kijani alisimama juu ya pedeli na kukandamiza, na Punda akapanda. Cheni ilishika, jino baada ya jino. Lakini mwili ulikuwa umeshafunzwa: kila alipofika hapo alikaza tumbo na kulivuta goti nyuma, akiungojea mlio ule, na usipotokea aliungojea kwenye mzunguko unaofuata. Alifika juu ametoka jasho la woga kuliko la kazi. Mita alizisoma zote. Namba zilifika ofisini jua likiwa bado kali, na mlinzi akamtania kwamba siku hizi amepata mabawa.

Wifi alikuwa akipiga deki kwenye korido. Walisalimiana. Wifi hakuwa amerudi kwao. Alikuwa amebaki, ila alikuwa hamsemeshi mumewe. "Ningejua, wifi," alianza kusema siku moja, akashindwa kumaliza, akakamua tambara. "Najua hukujua," Bi Mita alimwambia. Hilo aliliamini, na alishangaa kwamba katika familia nzima, wa kuaminiwa amebaki yule aliyekuja kwa harusi.

Ijumaa Msimamizi alimpa mkono. "Kazi ni yako. Sasa niambie, siku zote zile tatizo lilikuwa nini?"

"Friwili ilikuwa imechakaa."

"Kumbe kitu kidogo hivyo."

"Kidogo," alikubali Bi Mita.

Njiani kurudi alipita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama alikuwa anamsubiri mlangoni na uso wa furaha, furaha ya kweli kabisa, na hilo lilikuwa gumu kulibeba. "Nimeshasikia," Mama alisema. "Hongera, mwanangu. Mimi nilijua utaweza." Bi Mita alimwitikia kwa adabu. Hakuiegemeza baiskeli kwenye korido, mahali ilipolala miaka yote. Aliisukuma mpaka chumbani kwake, akaisimamisha kwenye dirisha, akatoa kwenye mfuko mnyororo mpya na kufuli. Alipitisha mnyororo kwenye spoku za nyuma, akauzungusha kwenye friwili, akaukaza kwenye nondo za dirisha.

Mama alikuwa amemfuata. Alisimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, akitazama.

"Unamfungia nani, mwanangu?" aliuliza. "Humu ndani tuko mimi na wewe tu."

"Najua, Mama," alisema Bi Mita, akazungusha ufunguo.